Mpira mmoja, watoto arobaini

Pita jioni ya kiangazi kwenye uwanja wa shule ya msingi mkoani Simiyu, iwe Somanda au Malambo mjini Bariadi, iwe Lagangabilili au Mwanhuzi. Mara nyingi utakuta watoto wapatao arobaini, mpira mmoja, na kijana mwenye filimbi. Mpira ukiangukia huku, wote wanakimbilia huku. Anayeufikia kwanza anaubutua. Ukienda mbali, walio pembeni wanapiga makofi.

Hayo ndiyo tunayaita mazoezi ya timu ya watoto. Tunasema wazi kwamba hayamfundishi mtoto kucheza mpira. Yanamfundisha mbio, na mbio watoto wetu wanazo tayari. Anayetembea mwendo mrefu kwenda shule, kisha jioni akaswaga ng'ombe hadi lamboni, hahitaji mwalimu wa pumzi. Anachokosa ni mguu unaojua kupokea mpira, kuutuliza na kuufikisha kwa mwenzake. Mguu wa namna hiyo hufundishwa, na umri wake wa kufundishwa ni ule wa shule ya msingi. Akifika kidato cha tatu akiwa bado anabutua, kocha atakayempokea ana kazi kubwa ya kumfundisha, na nyingine kubwa zaidi ya kumsahaulisha.

Msimu wa pamba ukifunguliwa na fedha ikianza kuzunguka, makombe nayo huanza. Kuna kombe la diwani, kombe la mbunge, kombe la mwenye duka la pembejeo. Bingwa anaondoka na ng'ombe dume, wa pili mbuzi, wa tatu jezi. Hatuna ugomvi na ng'ombe. Nyama inaliwa, timu inafurahi, mfadhili anapigwa picha. Ila kwa bei za mnadani na za madukani, ng'ombe dume mmoja mwenye afya ni sawa na mipira ya watoto isiyopungua ishirini. Kwa hiyo tunawaomba wafadhili wa Simiyu jambo moja: msimu ujao, kabla hamjanunua ng'ombe, nunueni mipira.

Kwa nini mipira mingi hivyo? Tupige hesabu. Mechi ya wakubwa ni dakika 90, lakini ukitoa mipira ya kurusha, faulo na majeruhi, mpira huwa unachezwa kwa dakika 55 hadi 60 hivi. Gawa kwa wachezaji 22, na kila mmoja hapati hata dakika tatu. Watoto arobaini wanaogombea mpira mmoja kwa saa nzima wangepata dakika moja na nusu kila mmoja, kama wangegawana sawa. Hawagawani sawa. Mwenye mabavu anapata dakika kumi, na yule mdogo wa pembeni anarudi nyumbani na vumbi hadi magotini bila kuugusa. Sasa wape mipira ishirini, wakae wawili wawili, kwa robo saa tu. Hata wakipigiana pasi moja kila baada ya sekunde nne, kila mtoto atakuwa amepiga zaidi ya pasi mia moja na kupokea nyingine kama hizo. Mwalimu wa hesabu wa darasa la nne anaweza kuimaliza hoja hii ubaoni.

Wenzetu walishapiga hesabu hiyo. Ubelgiji ilipotolewa mapema kwenye Kombe la Ulaya la mwaka 2000, mashindano iliyoyaandaa yenyewe pamoja na Uholanzi, mkurugenzi wao wa ufundi Michel Sablon aliagiza mechi za watoto zirekodiwe na zichunguzwe. Ikaonekana wadogo wanamaliza muda mwingi uwanjani bila kuugusa mpira. Wakabadili mfumo: wadogo kabisa wakacheza wawili kwa wawili, wakiongezeka umri watano kwa watano, kisha wanane kwa wanane, ndipo wakafika kumi na moja. Mwaka 2018 Ubelgiji ilimaliza ya tatu Kombe la Dunia. Ujerumani nayo, yenye makombe manne ya dunia, imehamishia watoto wa chini ya miaka 11 kwenye viwanja vidogo vyenye magoli madogo kuanzia msimu wa 2024/25. Genk, klabu iliyomchukua Mbwana Samatta mwaka 2016, ni ya hao hao Wabelgiji, kwa hiyo habari hizi zisionekane ngeni mno kwetu.

Turudi uwanjani kwetu. Kwanza ni pasi ya chini kwa ubavu wa ndani wa mguu. Mguu usiopiga unasimama kando ya mpira, vidole vikielekea kwa anayepewa. Kifundo cha mguu unaopiga kinakazwa. Mpira unapigwa katikati. Ukiuchota chini, unapaa. Mguu unaufuata mpira hadi mwisho wa pigo, usikatishwe njiani. Kulionyesha jambo hili ni kazi ya dakika tano, kulizoea ni kazi ya miezi, na mguu wa kushoto una madai yake pia.

Pili ni kupokea, na hapa ndipo makocha wetu wengi wanaruka ukurasa. Mtoto anaambiwa "tuliza!" mpira ukiwa umeshamfikia. Umechelewa. Kupokea huanza kabla ya mpira kufika: anaangalia bega hili na bega lile ajue adui yuko wapi, anasimama kiubavu ili aone anayempa pasi na aone goli kwa wakati mmoja, kisha anaupokea kwa mguu ulio mbali zaidi na mpira. Mguu unarudi nyuma kidogo mpira unapogusa, nao unapoteza nguvu. Akipokea namna hiyo, ule mguso wa kwanza unampeleka kwenye nafasi iliyo wazi. Akipokea akiwa amesimama wima na kulipa mgongo goli la adui, mguso wa kwanza unampeleka kwenye miguu ya beki. Wengi wa watoto tunaowaita wazito wana miili myepesi kabisa. Wanapokea vibaya tu.

Tatu ni kumfikiria mwenzako. Pasi ikipotea, uwanja mzima humzomea aliyeshindwa kuipokea. Kocha amgeukie kwanza aliyeipiga. Ilikuja kwa nguvu gani? Ilimfikia mguu upi? Alikuwa anakimbia au amesimama? Ukipiga pasi kwa mguu wa mwenzako ulio upande wa adui, umempa matatizo kwa jina la pasi. Na ukishatoa, usisimame kuitazama; hama, ili naye apate pa kuirudisha.

Mazoezi yenyewe hayana gharama. Panga matofali mawili mawili yawe malango madogo kumi uwanjani, watoto wawili wawili wapigiane pasi kupitia malango hayo, ahesabiwe nani kapita mengi kwa dakika moja. Weka wanne nje na mmoja kati, wanaotoa wasizidi kugusa mara mbili. Wasichana waliocheza rede wataelewa haraka kuliko kaka zao, maana wamezoea kumsoma aliye kati. Cheza watatu kwa watatu, magoli ya fimbo, bila kipa. Ukuta wa darasa nao ni mwenza asiyechoka, mradi mwalimu mkuu ameridhia na madirisha yako mbali. Danadana tunazipenda, zinampa mtoto urafiki na mpira, lakini tumewaona mabingwa wa danadana mia mbili wanaoshindwa kutoa pasi ya mita tano beki akiwa mgongoni. Hao watafute sarakasi.

Kitu kimoja kiondoke kabisa: foleni. Watoto kumi na tano wamepanga mstari, mmoja anapiga golini, kumi na wanne wanasubiri, na mpira ukipita pembeni wote wanasubiri uokotwe.

Haya yote si mageni kwa Msukuma. Kabla vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu havijakutana kupimana, manju, kiongozi wa ngoma, huwa ameshawachezesha watu wake hatua kwa hatua, kwa muda mrefu, mpaka miguu inajibu ngoma bila kuulizwa. Hakuna manju anayewapeleka watu mashindanoni ili waanze kujifunza huko huko mbele ya umati. Kwenye mpira wa watoto ndivyo tunavyofanya.

Wanaotupinga watataja udongo, na hoja yao ina ukweli. Mbuga ya Simiyu wakati wa kiangazi inapasuka nyufa zinazoweza kumeza kifundo cha mtoto. Mvua ikinyesha inang'ang'ania miguu. Kwenye luseni, udongo wa kichanga, mpira unazama na kufa njiani. Kote kuna miiba ya migunga. Katika uwanja wa namna hiyo kubutua ni akili ya kawaida: mpira ukiwa hewani haudundi vibaya. Lakini hatuhitaji uwanja mzima. Kipande cha mita ishirini kwa kumi na tano, kilichofagiliwa na watoto wenyewe na kufukiwa mashimo, kinatosha watoto wanane. Shule yenye eneo kubwa itapata vipande vinne au vitano. Na mtoto aliyefundishwa kuufuata mpira badala ya kuusubiri, kuinama kidogo na kuukazia macho hadi ugonge mguu, huyo akipelekwa kwenye nyasi za uwanja wa Kirumba, Mwanza, ataona amerahisishiwa kazi.

Ukubwa wa mpira nao haupewi uzito unaostahili. Mpira wa namba 5, ule wa wakubwa, una mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450. Ujaze upepo hadi uwe jiwe, mpe mtoto wa miaka tisa aliye pekupeku, kisha umwambie aupokee kwa ubavu wa mguu. Atafanya ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya: ataukwepa, au ataupiga haraka uondoke. Kabla hujamwita mwoga, badili mpira. Namba 4 ndiyo ya umri huo, na wadogo zaidi wana namba 3. Na pasipo na mipira ya dukani, ule wa makaratasi na matambara wa chandimu una sifa yake: haudundi, hauumizi, unakaa karibu na mguu. Vizazi vya wachezaji wa nchi hii vilianza nao.

Tuchukue somo kutoka timu ya taifa. Tarehe 14 Aprili 2019, Serengeti Boys walifungua Kombe la Afrika la vijana chini ya miaka 17 nyumbani, Dar es Salaam, dhidi ya Nigeria. Waliongoza 4-2. Walifungwa 5-4. Wakafungwa 3-0 na Uganda, kisha 4-2 na Angola, mashindano yakaisha kwetu. Nchi ililaumu kipa, ikalaumu mabeki, ikalaumu benchi. Sisi tunabaki na swali moja: timu inayoweza kuifunga Nigeria mabao manne inashindwaje kulinda uongozi wa mawili? Jibu letu ni kwamba uongozi hulindwa kwa kuushika mpira, mguu hadi mguu, mpinzani akimbie bila kuuona. Na kijana wa miaka 16 hawezi kujifunza hilo kambini kwa wiki sita. Lilitakiwa limkute akiwa na miaka tisa, kule kwao.

Wasichana walitupa jibu lingine. Mwaka 2022 Serengeti Girls walikwenda Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 nchini India, wakachapwa 4-0 na Japan katika mechi ya kwanza, kisha wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare 1-1 na Kanada, wakafika robo fainali. Kwa hiyo tunapoomba mipira ishirini kwa shule, tunamaanisha kumi iwe miguuni mwa wasichana. Wasiambiwe wasubiri kaka zao wamalize.

Nani afundishe? Hapa Simiyu ina bahati ambayo haijaitumia. Panda treni Malampaka wilayani Maswa kuelekea Mwanza na utapita Malya, wilayani Kwimba, kilipo Chuo cha Maendeleo ya Michezo. Nchi nzima inatuma watu huko. Sisi tuko mlangoni. Halmashauri zetu, kuanzia Bariadi hadi Busega na Meatu, zingeweza kukubaliana na chuo hicho wanafunzi wake waje kufanya mafunzo kwa vitendo kwenye shule zetu za msingi, na walimu wetu wa michezo wapewe kozi fupi wakati wa likizo. Mwanza kuna pia mfano wa Alliance, shule iliyojenga timu kutoka kwa wanafunzi wake hadi ikaingia Ligi Kuu msimu wa 2018/19. Ilishuka mwaka 2020, lakini njia yake ilionekana. Na mtaala mpya wa shule za msingi una somo la Sanaa na Michezo, kwa hiyo hakuna mwalimu mkuu anayeweza kusema muda haupo kwenye ratiba.

UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, inastahili neno, na neno lenyewe si tamu. Mashindano haya ni mazuri na yametoa wachezaji. Lakini namna tunavyoyaandaa ni nguvu ya soda: wiki chache kabla ya mchujo wa wilaya watoto wanakusanywa, wanakimbizwa, wenye miili mikubwa wanachaguliwa, kisha mpira unafungiwa hadi mwaka unaofuata. Ukichagua kwa mwili na mbio, kipaji kifupi cha darasa la tano kinabaki nyumbani. Papo hapo tamaa ya kupunguza umri inaingia, ugonjwa uliotugharimu mwaka 2005 pale Tanzania ilipoondolewa kwenye fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17, ikiwa imeshafuzu, kwa kumtumia mchezaji aliyezidi umri. Anayefundisha kutoa pasi na kutuliza mpira hana haja kubwa ya kijana mwenye ndevu.

Wenye makombe wanaweza kusaidia bila kutumia hata senti ya ziada, kwa kubadili kanuni. Watoto wa chini ya miaka 12 wacheze saba kwa saba, kwa upana wa nusu uwanja, hivyo mechi mbili zichezwe kwa wakati mmoja. Kipa anapoanzisha mpira wa goli, wapinzani warudi hadi mstari wa kati, apate nafasi ya kumpa beki wake mguuni. Uingereza wana kanuni ya namna hiyo kwa watoto wao. Kila mtoto aliyeorodheshwa acheze angalau kipindi kimoja. Ada ya kuingia mashindano isiwe fedha. Kila timu ilete mipira miwili ya namba 4, na ibaki kwenye shule mwenyeji.

Na ninyi mlio pembeni ya uwanja, wazazi na mashabiki wa kijiweni, mna sehemu yenu. Beki wa miaka kumi anapotaka kutoa pasi fupi karibu na goli lake, mnapiga kelele: "Butua! Butua!" Atabutua, kwa sababu ninyi ni wakubwa wake. Akijaribu pasi ikanaswa, akafungisha, mnamtukana, naye hatajaribu tena. Bao alilofungisha mtoto katika mechi ya Jumamosi litasahaulika kabla ya Jumatano. Hofu mliyompa anaweza kuondoka nayo hadi utu uzima.

Kuna jambo dogo la mwisho ambalo linaua mipango mingi kama hii. Mkoa huu uliwahi kuonyesha uthubutu, vijana wa Maswa wakatengeneza chaki na wa Meatu wakasindika maziwa, kwa hiyo kupata vifaa hatuoni kama ni mlima. Mipira itapatikana. Ikitobolewa na miiba, fundi viatu atashona; nunueni na pampu mbili na sindano za akiba. Shida itaanza mipira ikishafika: itapokelewa kwa hotuba, itaandikwa kwenye leja, itafungiwa kabatini ofisini ili isichakae, na itatolewa siku mgeni akija. Mpira usiochakaa haujafundisha mtu. Mfadhili anayetoa ng'ombe wake kwa ajili ya mipira aandikiane na shule kwamba ufunguo wa kabati utakaa kwa mwalimu wa michezo, kwamba saa kumi jioni kabati litakuwa wazi, na kwamba mwisho wa mwaka atakuja kuikagua mipira hiyo. Akiikuta bado inang'aa, aichukue aipeleke shule nyingine.